Mchicha Hauna Hati

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Madale liliingia picha tatu. Ya kwanza ilionyesha matuta ya mchicha kwenye kiwanja kisichojengwa, kule chini ardhi inakoshukia korongoni. Ya pili, viroba vinne vya mbolea ya kuku. Ya tatu, mama mmoja ameinama, mgongo ameuelekeza kwa mpiga picha, keni ya kumwagilia iko mkononi. Chini yake jirani aliandika: "Ndugu wana mtaa, hali hii mpaka lini? Harufu, mbu, na hayo maji hatujui anayatoa wapi. Tumejenga kwa gharama hapa. Naomba tuchukue hatua."

Hadi saa mbili, watu kumi na tisa walikuwa wameshaweka dole gumba. Mmoja wao ni mimi.

Mchana wa siku hiyohiyo nilikula ugali, dagaa na mchicha wa nazi. Mchicha niliununua kwenye genge la pale njia panda. Mwenye genge huuchukua kwa mama yuleyule wa kwenye picha, kila alfajiri, kwenye beseni. Kwa hiyo asubuhi nilipiga kura mama afukuzwe, na mchana nikala jasho lake na kulamba vidole. Ninaandika haya kwa sababu ya dole lile. Sitaki nilitetee. Nataka kulishtaki, na nikilishtaki nitawashtaki na wenzangu tuliosoma, tuliohamia pembezoni mwa jiji tukisema tunafuata hewa safi na kijani.

Nianze na mimi. Bibi yangu alikuwa na eka mbili na ushee upande huuhuu, enzi ambazo ukishuka Tegeta unaingia Madale kwa miguu, au kwa baiskeli kama una bahati. Alipanda mihogo, kunde na mikorosho, na kisamvu hakikununuliwa nyumbani kwetu hata siku moja. Alipoanza kuuza, aliuza kwa vipande: kipande cha matibabu ya babu, kipande cha kuezeka, kipande cha ada yangu ya chuo. Shahada yangu ya kwanza ililipiwa na nusu eka ya mihogo. Leo mihogo ile imekuwa nyumba tatu za ghorofa moja moja, na mimi nimepanga chumba na sebule nyuma ya mojawapo ya nyumba za jirani, uani kumetandazwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Nikitaka kisamvu, nanunua.

Sisemi bibi alikosea kuuza. Angefanyaje? Nasema tu kwamba anayeandika hapa hajasimama nje ya jambo hili akinyoosha kidole. Amesimama juu ya zege.

Na zege lenyewe halitoki mbali. Kilima cha Wazo kiko jirani yetu, na saruji imetengenezwa pale tangu 1966. Kwa takriban miaka sitini tumekuwa tukichimba kilima upande mmoja na kukimwaga mashambani upande mwingine. Mwaka 2002 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 2,487,288. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, na hilo halina ubishi. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000, na Mivumoni hapa jirani, pamoja na Bunju, Boko, Kibada na Tuangoma, yalikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopimwa. Mashamba yakawa viwanja, viwanja vikapata namba, na namba zikapata wateja. Lakini watu hao wote wanahitaji pia kula, na hapo ndipo akili zetu za mipango hulala usingizi.

Fikiria chakula kinavyoingia jijini. Nyanya inatoka Ilula, mkoani Iringa, zaidi ya kilomita 400, inashuka mlima Kitonga kwenye tenga. Kitunguu kinatoka Ruaha Mbuyuni. Kabichi na karoti zinashuka Lushoto. Hivyo vyote vinavumilia safari. Mchicha hauvumilii. Matembele hayavumilii. Majani ya maboga yaliyochumwa jana saa kumi jioni, leo saa sita mchana ni ya kumpa mbuzi. Ndiyo maana watafiti waliochunguza masoko ya Dar es Salaam miaka ya 1990 walikadiria kwamba takriban asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa humo zilitoka ndani ya jiji na kando yake: mabondeni, kando ya reli, chini ya nyaya za umeme, kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Mboga ya maskini wa jiji hili haitoki kijijini. Inatoka kwenye mapengo ya mji. Kila pengo tunaloliziba, tunaziba na sufuria ya mtu.

Sasa nirudi kwenye mashtaka ya grupu. Yalikuwa matatu, na nitayajibu moja moja, kwa sababu najua hata wewe unayesoma umewahi kuyasema.

La kwanza, mbu. Hoja hii ina umri mkubwa kuliko sisi. Sheria ndogo za miji yetu mingi zilikataza mazao marefu kama mahindi karibu na nyumba, kwa sababu za mbu na vibaka, na mawazo hayo tuliyarithi kutoka kwa mkoloni aliyetaka mji wake uwe na nyasi fupi na Mwafrika wake awe mbali. Sikatai kwamba maji yanayotuama kati ya matuta yanaweza kuzaa mbu. Lakini jioni ya siku ile nilitembea mtaani kwetu nikihesabu maji yaliyotuama. Mtaro mmoja ulioziba kwa chupa za plastiki. Mashimo mawili ya msingi wa nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa hela, yamejaa maji ya kijani. Karo moja inayovuja mbele ya geti la mmoja wa wale waliobonyeza dole. Kwenye matuta ya mama sikukuta dimbwi. Maji ya keni moja hunywewa na tuta kabla hujaondoka. Hakuna aliyepiga picha karo.

La pili, maji machafu. Hili ndilo zito, na sitalirukia. Tafiti zimewahi kukuta metali nzito kwenye mboga zilizomwagiliwa maji ya mto Msimbazi, na mtu mwenye watoto ana haki ya kuogopa. Lakini hebu tufuate maji yenyewe yanakotoka. Mchicha haukuingiza risasi mtoni. Mkulima hakujenga kiwanda, hakufungua gereji, hakuelekeza bomba la choo korongoni usiku wa mvua. Yeye ni wa mwisho kwenye foleni ya maji, anapokea tulichokwisha kukichafua sisi tulio juu yake. Kisha tunamwita mchafu. Kwenye mtaa wetu kuna nyumba zinazosubiri mvua kubwa inyeshe ili zifungulie karo. Tunazijua kwa harufu. Wenye nyumba hizo ni wana grupu, tena wenye kuandika sana.

Siku chache baada ya zile picha nilishuka bondeni. Nilikuwa na aibu, hivyo nilijifanya nimekuja kununua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mchicha bado wiki moja. Chukua matembele."

Nilimuuliza maji anayatoa wapi. Akanionyesha kishimo alichochimba pembeni, mbali kidogo na mkondo, maji yanachujwa na mchanga kabla ya kuyateka. Akasema anajua si suluhisho kamili. Anajua pia kinachotakiwa: kisima kirefu, tangi, pampu ndogo. Nikamuuliza kama tatizo ni hela. Akacheka.

"Hela naweza kuungaunga, tuna kikoba chetu. Lakini nichimbe kisima kwenye kiwanja cha mtu? Mwenyewe akija kesho na tofali, kisima nakibeba kichwani?" Akapangusa mikono kwenye kanga. "Mchicha unataka wiki nne tu. Nikipewa mwezi, navuna. Nikipewa mwaka, ndiyo naweza kuitunza ardhi."

Nimesoma semina nyingi kuhusu kilimo endelevu. Sijawahi kusikia jambo hili likisemwa vizuri zaidi. Tunamlaumu mkulima mdogo kwa kumwagilia maji ya jirani na kutumia dawa ya haraka. Lakini tumempa ardhi kwa mkataba wa mdomo unaokufa siku yoyote, na mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hawezi kupanda mti, hawezi kuchimba kisima, hawezi kusubiri samadi ioze. Uchafu tunaomshtaki nao ni mtoto wa kutokuwa na uhakika tuliomwekea. Mwondoe wasiwasi, halafu ndipo umdai usafi.

La tatu ndilo la kweli, na ndilo ambalo halikuandikwa waziwazi: thamani ya ardhi. "Tumejenga kwa gharama." Maana yake, matuta yanatushusha hadhi. Dalali akimleta mteja, mteja akikutana na mama mwenye keni, ataona yuko shamba. Na sisi tumehangaika miaka yote hii ili tusionekane tuko shamba. Hapo ndipo penye kidonda. Sisi ni watoto na wajukuu wa wakulima, tumesomeshwa na mihogo, kahawa, pamba na korosho, na kipimo chetu cha mafanikio ni umbali kati yetu na jembe. Ukitaka kumtukana mtu mjini humu unamwita "wa shamba".

Lakini cha ajabu, jembe hilohilo likivaa nguo mpya tunalipenda. Rafiki zangu wananunua kikapu cha mboga za "kilimo hai" kinacholetwa na bodaboda, majani yamefungwa kwa nailoni, yana karatasi yenye picha ya jua. Sina ugomvi na kilimo hai. Afrika Mashariki ina kiwango chake na alama yake tangu 2007, na wapo wakulima wanaohangaika kweli kukitimiza. Ugomvi wangu ni na sisi wateja. Tunalipa mara kumi ili tule jani lililolimwa na mtu mdogo kwa samadi, mradi tusimwone akililima. Wengine wetu tuna shamba la wikiendi huko Bagamoyo au Mkuranga, tunapiga picha na papai la kwanza, tunaandika "turudi kwenye asili". Kisha tunarudi mtaani Jumapili jioni na kubonyeza dole ili asili ya jirani iondolewe.

Wazazi wetu hawakuwa hivi, na hawakuwa watakatifu. Mwaka 1972 TANU ilitangaza Iringa kwamba siasa ni kilimo, na miaka miwili baadaye nchi ikaambiwa kilimo ni cha kufa na kupona. Mengi yaliyofanywa chini ya maneno hayo yalikuwa ya amri, na wengi waliumia. Lakini miaka ya 1980, mshahara ulipokosa nguvu ya kufika tarehe kumi na tano, ofisa wa wizara na tarishi wake wote walilima na kufuga Dar es Salaam. Ng'ombe walikaa nyuma ya nyumba za Oysterbay. Kuku wa mayai walisomesha watoto ambao leo ni wakurugenzi. Hakuna aliyewaita wachafu, kwa sababu waliokuwa na banda ndio waliokuwa na cheo. Kilimo cha mjini kiligeuka aibu pale tu kilipobaki mikononi mwa wasio na cheo.

Na sheria haikuwa adui. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kulima mjini hadi eka 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4 bandani. Yaani zaidi ya miaka thelathini iliyopita nchi hii ilikwisha kukubali kwenye karatasi kwamba mji na jembe vinaweza kuishi nyumba moja. Majirani zetu wamekwenda mbele. Kampala ilitunga sheria zake ndogo za kilimo cha mjini katikati ya miaka ya 2000. Kaunti ya Nairobi ikapitisha yake mwaka 2015, ya kukikuza na kukisimamia kilimo hicho. Sisemi Kampala na Nairobi ni peponi. Nasema walau pale mkulima wa mjini ana neno lake kwenye kitabu cha sheria, na mtu mwenye neno kitabuni hafukuzwi kwa dole gumba.

Kuna wanaoniambia: "Ardhi ya mjini ni ghali mno kwa mchicha. Acha soko liamue." Wanasema hivyo kana kwamba bei ya kiwanja inashuka na mvua. Bei ya kiwanja cha Madale imepandishwa na barabara ya umma, umeme wa umma, maji ya umma. Sote tumeilipia, hata mwenye genge kwa kodi ya sabuni na mafuta anayonunua. Na mabonde mengi anayolima mama yule na wenzake hayafai kujengwa hata kidogo. Tulikwisha kulipia somo hilo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na walionusurika kutoka bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, si mbali na hapa tulipo. Bonde ni mahali pa maji kupita. Likiwa na matuta, maji yanapita na kuzama. Likiwa na kuta, maji yanabomoa. Kwa hiyo mkulima wa bondeni anatufanyia kazi mbili: anatulisha, na anazuia mwenye tamaa asijenge mahali ambapo baadaye tutaenda kuopoa maiti. Kwa kazi hii ya pili hatumlipi hata senti.

Ninachotaka si kikubwa, na hakihitaji mfadhili.

Nataka mwenye kiwanja ambaye hajengi leo aandike karatasi moja: mkulima ataitumia ardhi mwaka mmoja au miwili, atapewa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuondoka, na hatapanda mazao ya kudumu. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, nakala zikae pande zote mbili. Mwenye kiwanja atapata mlinzi wa bure dhidi ya wavamizi, na watu wa huku wanajua mlinzi wa kiwanja ana thamani gani. Nataka mabonde yasiyojengeka yapimwe kwa ajili ya mboga na kupewa vikundi, kama vile tunavyopima viwanja vya nyumba. Nataka maji ya kumwagilia yapimwe kabla ya hukumu, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wakulima na mbele ya wenye karo. Yakikutwa machafu, aanze kuulizwa aliyeyachafua.

Na kwetu wasomi nataka kitu kimoja: tujue jina la anayetulisha. Kabla ya kusema chochote kuhusu mfumo wa chakula duniani, ujue mchicha wa jana usiku ulichumwa wapi na nani. Mimi nilikula mboga za mama huyu mwaka mzima bila kumjua. Nilijua bei tu: fungu mia tano.

Wiki iliyofuata niliingia kwenye grupu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikasema kwamba naondoa dole langu, kwamba nimeshuka bondeni, kwamba sikukuta mbu bali nimekuta karo tatu za kwetu zinazovuja, na kwamba tumtafute mwenye kiwanja tuzungumze habari ya karatasi ya mwaka mmoja. Grupu lilinyamaza kama dakika arobaini. Kisha mtu akaweka tangazo la gesi. Mwingine akaniandikia faragha: "Umeongea ukweli, lakini usingetaja karo." Wawili waliniunga mkono hadharani. Mmoja wao ni mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali. Alisema alisomesha watoto wanne kwa maziwa ya ng'ombe wawili, hapahapa mjini, na kwamba mbolea hainuki kuliko njaa.

Mwenye kiwanja tumempata. Anaishi mkoa mwingine. Amesema atafikiria, na kwamba kuna mtu ameshampigia kuulizia bei. Mama bado analima, kwa mwezi mmoja mmoja. Jana nilipita, akanipa mbegu za mchicha kwenye karatasi iliyokunjwa. Nimemwomba mwenye nyumba aniruhusu nitoe pevingi kumi na mbili kwenye kona ya uani. Amekubali, kwa sharti kwamba siku nikihama nizirudishe.

Kwa hiyo na mimi sasa nalima kwa ardhi ya mtu. Nimeshaanza kuelewa kwa nini mama huwa anapanda kinachoiva haraka.